Selkirk, Uskoti: hii sikukuu ya farasi kuzunguka mipaka inahusu nini hasa?

kijana_wa_Tukuyu

Wakuu habari za saa hizi. Niko Edinburgh kimasomo, sasa darasani kwetu kuna dada mmoja kwao ni kusini huko karibu na mpaka wa Uingereza, mji unaitwa Selkirk, kanialika mwezi wa sita niende kwao maana wana sikukuu yao inaitwa Common Riding. Anavyoisimulia macho yanang'aa, eti maduka yanafungwa, watu wanaamka usiku wa manane, farasi mamia wanavuka mto wanapanda milimani kisha wanarudi sokoni kurusha bendera. Nikamuuliza kwani mnasherehekea nini, akajibu "ardhi yetu", halafu akachomekea habari ya vita ya 1513 na mtu mmoja aliyerudi peke yake, mimi nikabaki naitikia tu kama nimeelewa.

Nimecheki kwenye ramani nimeona ni kamji kadogo tu, watu elfu tano na kitu, kako juu ya kilima. Kuna mdau amewahi kufika? Nataka nijue historia yake kidogo nisiende kushangaa kama mzigo, na kama siku ya kawaida kuna cha kuona au ni hao farasi tu. Natanguliza shukrani.

---

Fundi_wa_Nyuzi

Mkuu nenda, tena usijiulize mara mbili. Mi nilisoma mambo ya vitambaa Galashiels, chuo cha Heriot-Watt kina kampasi yake ya nguo pale, na kutoka Gala hadi Selkirk ni pua na mdomo, basi X95 linakupeleka. Kwahiyo pale mjini napajua vizuri.

Huyo dada yako kakujibu sawasawa kabisa, ni ardhi. Zamani mfalme wa Uskoti akiupa mji hadhi ya mji wa kifalme, wenyeji walikuwa wanapata haki ya kufanya biashara na kuwa na soko, na mara nyingi walipewa na eneo la nje ya mji liwe la wote. Pale mtu anachunga ng'ombe wake mmoja wawili, anakata miti, anachimba ule udongo mweusi wa kinamasi wanaoukausha wakachoma badala ya kuni. Selkirk eneo lao lilikuwa kubwa mno kuliko mji wenyewe. Na ndo shida ilipoanzia, maana jirani zao walikuwa mabwana wakubwa wenye ngome na watu wenye silaha, leo anasogeza ng'ombe wake hatua mia, mwakani anajenga ukuta, mwaka unaofuata anakwambia hapa pamekuwa petu tangu babu.

Hakuna bikoni wakati ule wala mpima ardhi, kwahiyo dawa ilikuwa moja tu, kila mwaka wanaume wa mji wanapanda farasi wanauzunguka mpaka wote, wakubwa na vijana, kila mtu aone kwa macho yake jiwe liko wapi, kijito kinapita wapi, na kama kuna mtu kavamia wabomoe siku hiyohiyo. Wachagga humu mtanielewa haraka, ni kama mzee anavyomzungusha kijana kihambani kumwonyesha masale, ile mimea ya mpaka, yalipo. Tofauti ni kwamba hawa wamelifanya jambo hilo mpaka kesho, mji mzima unatoka.

Na usidhani ulikuwa mchezo. Hati zao za zamani zilipotea kwenye vurugu za mpakani, Waingereza walikuwa wanakuja wanachoma wanaondoka, ndo mfalme James wa Tano akawapa hati mpya 1536 kuthibitisha haki zao. Haikuchukua muda, 1541 mkuu wa mji akiitwa John Muthag alikuwa njiani kwenda Edinburgh kutetea hiyo ardhi kisheria, wakamvizia wakamuua, yeye na mwenzake wa baraza la mji. Waliofanya hivo walikuwa watu wa hizo koo za majirani wenye mashamba. Kuna mtaa pale mjini mpaka leo unaitwa Muthag Street, ukipita uwaze huyo mzee.

Siku yenyewe ni Ijumaa inayofuata Jumatatu ya pili ya mwezi wa sita. Alfajiri bendi zinapita mitaani kuamsha watu, kijana mmoja ambaye hajaoa anakuwa kachaguliwa mshika bendera wa mwaka huo, anakabidhiwa bendera ya mji na anaambiwa aizungushe mipaka airudishe bila doa. Farasi mia tatu mia nne hivi wanateremka kilima, wanavuka mto Ettrick kwa miguu ya farasi siyo darajani (hapo ndo pa kupigia picha, ila fika mapema), wanapanda mpaka kwenye rundo tatu za mawe zinaitwa Three Brethren, mita 464 juu, pale ndo mashamba matatu yanapopakana. Kisha wanarudi kwa mbio.

---

mbwa_wa_mtaa

Sasa hiyo 1513 inaingiaje? Mana nimegugo hapa naona Uskoti walipigwa vibaya mno. Yani watu wanasherehekea kipigo? 😂

---

mwalimu_wa_zamu

Ndugu mbwa_wa_mtaa cheka polepole, hiyo sehemu ndiyo nzito kuliko zote.

Tarehe 9 Septemba 1513, mahali panaitwa Flodden, upande wa Uingereza. Mfalme James wa Nne wa Uskoti alikuwa na mkataba na Ufaransa, Ufaransa ikavamiwa na Henry wa Nane, James akavuka mpaka na jeshi kubwa ili kumvuta Mwingereza arudi nyuma. Mapigano yalianza mchana, hadi giza linaingia mfalme mwenyewe kafa na mabwana wengi kafa nao, na inakadiriwa Waskoti kama 10,000 walilala palepale. Kwa nchi yenye watu wachache vile hakukuwa na kijiji ambacho hakikuwa na msiba.

Masimulizi ya Selkirk ni kwamba mji ulitoa wanaume 80, akarudi mmoja tu, jina lake Fletcher, kashika bendera aliyomnyang'anya Mwingereza. Watu wamejaa sokoni, wanawake wanamuuliza wetu wako wapi, naye kauli haitoki. Akaizungusha ile bendera hewani kisha akaishusha hadi chini, kama mtu anayekata majani, maana yake wote wamefyekwa. Hicho ndicho kinachorudiwa sokoni kila mwaka baada ya farasi kurudi. Jukwaa linawekwa, mshika bendera wa mji anaanza, anaizungusha bendera kwa mpangilio maalumu huku bendi inapiga, halafu wanafuata wa vyama vya mafundi, wafua vyuma, wafumaji, wauza nyama, wafanyabiashara, kisha kuna chama cha wana-Selkirk walioko ng'ambo nacho kina bendera yake, wa mwisho ni wanajeshi wastaafu. Akimaliza huyo bendera inashushwa, mji mzima unanyamaza dakika mbili kisha bendi inapiga wimbo wa maombolezo wa Flodden. Watu wanalia kweli, wazee kwa vijana, kwahiyo hawasherehekei kipigo ila wanafanya matanga yaliyopitiliza miaka 500.

Kama mwalimu lazima niseme na hili: habari ya Fletcher ni masimulizi, siyo kitu utakachokikuta kimeandikwa kwenye karatasi ya mwaka ule. Sanamu yake yenyewe ilisimamishwa 1913, miaka 400 baada ya vita, na mchongaji Thomas Clapperton. Idadi ya 80 ni ya kupokezana mdomoni. Kuuawa kwa Muthag ndiyo kuna uthibitisho wa kutosha. Mimi binafsi naona ardhi ndiyo shina na Flodden ni tawi lililopandikizwa juu yake, wakati mwingine tawi likachanua kuliko shina, maana machozi yanakumbukwa kirahisi kuliko kesi ya mipaka.

Na hiyo miji ya mpakani kila mmoja una yake, Hawick wana sherehe yao wanayoihusisha na tukio la 1514. Huko Hawick 1996 wanawake walipotaka kupanda farasi kwenye msafara palichimbika, mji uligawanyika, ikafika hadi mahakamani. Mila hizi zina uzuri wake ila zina na ubishi wake.

---

mbwa_wa_mtaa

Duh. Haya nimenyamaza mwalimu.

---

shangazi_wa_Leeds

Kijana wangu wa Tukuyu, karibu. Mimi niko huku England miaka mingi, kwetu ni Nyahururu, na Selkirk nimepita na rafiki zangu wa kanisa tukiwa tunazungukazunguka Uskoti, haikuwa siku ya farasi, ilikuwa siku ya kawaida kabisa na mvua ikinyesha, na bado nilipapenda.

Pale sokoni ni pembetatu hivi, si mraba, na katikati kuna sanamu ya Walter Scott mwandishi, nyuma yake jengo la mahakama lenye mnara wa saa. Scott alikuwa hakimu wa wilaya ile kuanzia 1799 mpaka anakufa 1832, riwaya anaandika alfajiri, mchana anaamua kesi za watu walioiba kondoo na kuvua samaki kwa magendo. Ingia ndani kama pamefunguliwa. Kando kidogo kuna Halliwell's House, nyumba za zamani za mafundi waligeuza makumbusho, ulizia kwanza kama wako wazi maana huku majira ya baridi vitu vingi wanafunga.

Halafu ukipanda barabara kuu mwisho mwisho utaona sanamu nyingine, Mungo Park. Hapo simama uisome vizuri. Huyu alizaliwa 1771 Foulshiels, shamba liko jirani tu hapo, akasomea udaktari chini ya daktari wa palepale Selkirk na akaoa binti wa huyo daktari. 1795 akaenda Gambia kutafuta mto Niger unaelekea wapi, akaufikia Segou 1796. Sanamu walimsimamishia 1859, halafu 1913 wakaongeza chini yake sanamu za Waafrika. Mimi nilisimama pale nikawa natafuta kitu kimoja ambacho sikukiona: yule mama wa karibu na Segou. Kwa maandishi ya Park mwenyewe alikuwa amekaa chini ya mti siku nzima na njaa, mfalme wa Segou hataki kumwona, hakuna anayemkaribisha, mvua inakuja, akaja mama mmoja anatoka shamba akamwonea huruma akamchukua kwake, akamchomea samaki, akampa mkeka alale, na wanawake wa nyumba ile usiku walikuwa wanasokota pamba huku wanaimba wimbo waliomtungia yeye, maskini mzungu hana mama wa kumletea maziwa. Huyo mama hana hata jina. Angekuwa na sanamu ningemwekea maua.

Na kwa sisi watu wa Nyahururu kuna kauzi kadogo, yule Joseph Thomson aliyepita Umasaini 1883, wa Thomson's Falls pale kwetu, ni Mskoti wa huko huko kusini, kijiji cha Penpont, na ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha maisha ya Mungo Park. Hawa watu walikuwa wanasomana.

Mkate wao usikose. Unaitwa Selkirk bannock, duara, mzito, umejaa zabibu kavu na siagi, fundi mkate akiitwa Robert Douglas alifungua duka pale sokoni 1859 ndo ukavuma. Wanasema Malkia Victoria alipotembelea Abbotsford, ile nyumba ya Walter Scott, 1867 alikataa vingine vyote akachukua chai na kipande cha bannock. Kata slesi, choma kidogo, paka siagi juu ingawa ina siagi tayari. Daktari wako asijue.

---

mbwa_wa_mtaa

Shangazi nimependa hiyo ya mama wa Segou. Ila Park naye tumwangalie vizuri, aliporudi pwani 1797 alirudi amefuatana na msafara wa watumwa, aliyemhifadhi miezi yote akiumwa alikuwa mfanyabiashara wa watumwa anaitwa Karfa Taura, na meli aliyopanda ilikuwa ya watumwa vilevile. Ameandika mwenyewe mateso aliyoyaona njiani, sawa, lakini alifika nyumbani kwa njia hiyo.

---

shangazi_wa_Leeds

Ni kweli kabisa mwanangu, na alikuja kufia mtoni huko Bussa 1806 safari ya pili, alikwenda na wanajeshi na kaka wa mkewe, karibu wote wakaisha kwa homa kabla. Pale kwenye sanamu hayo yote hayasemwi kwa sauti.

---

Fundi_wa_Nyuzi

Mmenikumbusha, hamjagusa viatu! Watu wa Selkirk wanaitwa Souters, yaani washona viatu, hata kama ni dereva wa lori au nesi, akizaliwa pale ni Souter basi. Ushonaji viatu ulikuwa ndo kazi ya mji, mpaka 1745 Prince Charles Stuart, aliyekuwa anadai kiti cha ufalme, alipoingia na waasi wake kutoka milimani na kushinda vita ya Prestonpans, jeshi lake linatembea peku, wakaagiza Selkirk pea 2,000 za viatu. Kama walilipwa vizuri au la hiyo ni kesi nyingine, jeshi likishika bunduki likakuagiza viatu unashona tu.

Na wana kitu cha ajabu mpaka leo, ukipewa heshima ya kuwa mwana-mji wa heshima lazima ulambe nywele ngumu za nguruwe, zile ambazo fundi viatu alikuwa anafunga kwenye ncha ya uzi badala ya sindano. Wanachovya kwenye divai unapitisha mdomoni mbele za watu. 1819 walimlambisha Prince Leopold wa Ujerumani, akiwa na Walter Scott, huyo ndo baadae akawa mfalme wa kwanza wa Ubelgiji, baba yake yule Leopold tunayemjua wa Kongo. Kwa wenzetu Waislamu humu mkialikwa kupewa heshima hiyo jipangeni na udhuru mapema.

Viwanda vya sufu vilikuja karne ya 19, vikajengwa bondeni kando ya Ettrick wakitumia nguvu ya maji, mji ukawa na sura mbili, juu soko na mahakama, chini mashine. Kwetu sisi tuliosomea vitambaa ndo sehemu ya maana zaidi. Vingi vimefungwa saivi, majengo yapo, mengine yamegeuzwa stoo na ofisi. Hata reli walikuwa nayo, abiria waliacha kuhudumiwa 1951, ndo maana sasa mnaishia Tweedbank au Galashiels, reli mpya ya kutoka Edinburgh ilifunguliwa 2015.

---

mwalimu_wa_zamu

Na kabla hajaondoka aende kwenye magofu ya kanisa la kale, Kirk o' the Forest, mtaa wa nyuma tu ya soko. Inakubalika kwamba hapo ndipo William Wallace, aliyewaongoza Waskoti kupigana na Waingereza, alitangazwa Mlinzi wa Uskoti baada ya ushindi wa Stirling Bridge wa 1297. Makaburi ya humo kuna ukoo wa Murray, mababu wa rais Franklin Roosevelt wa Marekani upande wa mama yake.

Bondeni chini ya mji ni Philiphaugh, Septemba 13, 1645, jeshi la Marquis wa Montrose, mtu wa mfalme, lilikurupushwa asubuhi kwenye ukungu na David Leslie, kamanda wa upande uliompinga mfalme. Vita yenyewe ilikuwa fupi. Kilichofuata ndicho kibaya, askari wa Kiayalandi waliojisalimisha waliuawa, na wanawake na watoto waliokuwa wakifuata kambi nao hawakusalimika. Hiyo haina bendera inayorushwa kwa ajili yake.

---

kijana_wa_Tukuyu

Wakuu mmenifundisha kuliko hiyo shule niliyoifuata huku, ahsanteni sana, shangazi shikamoo. Maswali mawili ya mwisho. Hiyo ardhi yenyewe bado ipo au wanazunguka mipaka ya kitu kilichokwishauzwa? Na nikitoka Edinburgh asubuhi ya Ijumaa hiyo nitawahi?

---

Fundi_wa_Nyuzi

Swali zuri mno hilo la kwanza. Kubwa yake haipo. Baada ya kesi za miaka na miaka, karne ya 17 waliigawana na wale majirani wenye mashamba, mji ukabaki na vipande kaskazini na kusini, na vingine vikaendelea kumegeka. Kwahiyo ndio, sehemu fulani ya njia wanazunguka mipaka ya zamani ambayo ndani yake ni mashamba ya watu.

Ila siyo yote imekwenda. Uskoti wana kitu kinaitwa Common Good, mali ya wenyeji wa mji, kuna sheria yake ya 1491 bado inatumika, inasema mapato ya mali hiyo yatumike kwa faida ya mji husika. Selkirk wana mfuko wao mpaka leo, kilima cha Selkirk Hill kiko humo, na mashamba yanayokodishwa. Hadhi ya mji wa kifalme kiutawala ilifutwa 1975 mabaraza ya miji yalipovunjwa, sasa mfuko unasimamiwa na halmashauri kubwa ya Scottish Borders. Ukitaka kumwona Souter amekasirika we kaa naye baa umuulize pesa ya Common Good inatumikaje, na kama ni ya Selkirk mbona maamuzi yanafanyika kwingine. Utapata mhadhara na bia ya bure.

La pili, hapana, huwahi. Farasi wanaondoka kabla ya saa moja asubuhi, treni ya kwanza itakuacha unaona vumbi tu. Mwambie huyo dada kwao wakupokee Alhamisi jioni, watu wa pale siku hizo nyumba zinajaa wageni mpaka sebuleni, wala hawajali. Gesti usitegemee, zinawahiwa mapema sana. Na vaa buti, ule mlima wa Three Brethren ukiamua kupanda kwa miguu ni matope hata mwezi wa sita.

---

shangazi_wa_Leeds

Marahaba mwanangu. Usiende mikono mitupu kwa wenyeji wako, beba hata chai ya kwenu Tukuyu kama una pakiti, watafurahi. Na koti la mvua.